Aliyefungua Malka ya Mkindu

"Mteja wetu mpendwa, karibu, nikusaidie vipi?" alisema Rosina, mkono mmoja ukiwa ndani ya beseni la kambale na majivu.

Maneno hayo yaliletwa kutoka Nairobi, na kila alipoyasema mumewe alicheka, maana hapa Garsen hakuna aliyewahi kumwita mwenzake mteja mpendwa. Asubuhi hiyo Jasper alikuwa juu ya paa akikaza waya wa antena. Alimchungulia kutoka huko.

"Mpendwa ni mimi," alisema. "Huyo mwingine ni mteja tu."

Rosina alimtupia jicho la kumnyamazisha. Kwenye simu palikuwa na upepo mwingi, na nyuma ya upepo ng'ombe walikuwa wakilia kile kilio kikavu cha kiu. Kisha sauti ya mwanamke ikasalimu kwa Kiorma, taratibu, ikauliza nyumba, ikauliza watoto, ikauliza wazee. Rosina alijibu kila kitu. Wakufunzi wa kampuni ya Nairobi walimwambia salamu ziwe fupi, lakini yeye alijua kwamba mtu wa huku usipomjibu salamu zake hatakuambia shida yake.

"Simu imezama majini," mwanamke alisema mwishowe, kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Ile ya kutuma habari ya malka. Nimepata laini mpya. Nataka hii mpya ndiyo itume."

"Ni dada Darmi?"

Upepo ulipita kwanza. "Eeh," sauti ikajibu.

Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni kunywa maji, nayo hupita katikati ya mashamba. Zamani njia ikifungwa bila wafugaji kujua, au ikifunguliwa bila wakulima kujua, watu waliumizana. Siku hizi ilikuwapo kamati ya pande zote mbili, Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima, na kamati ilituma ujumbe kwa kila simu: njia hii wazi, ile imefungwa. Darmi ndiye aliyekuwa katibu. Ujumbe ulipitia mtambo wa Boma Salama, kampuni ndogo ya Jasper na rafiki yake Nuh, ambao walisoma pamoja chuoni Mombasa na kurudi na wazo la kuwalinda watu wa kwao na wezi wa mitandao. Vifaa vya ulinzi vilitoka kwa kampuni kubwa ya Nairobi iliyowakubali kuwa washirika wake. Kupokea simu za wateja ilikuwa kazi ya Rosina, kwa kuwa alisema Kipokomo, Kiorma na Kiswahili, na kwa kuwa hakuwa na haraka na mtu.

Sharti la Nairobi lilikuwa moja lisilo na mjadala. Anayepiga kwa namba isiyojulikana ataje majina yote ya mwenye akaunti, ndipo afunguliwe.

"Dada, nitajie mwenye akaunti. Majina yake yote, tafadhali."

Kimya. Rosina alidhani simu imekatika, lakini ng'ombe bado walikuwa wakilia.

"Mama," sauti ilisema, chini zaidi. "Jina hilo, unajua mimi siwezi."

Uso wa Rosina ulipata moto wa aibu. Akaunti ilikuwa kwa jina la mwenyekiti wa kamati, Haji Roba, na Haji Roba alikuwa mkwewe Darmi, baba wa mumewe. Katika nyumba ile mke halitaji jina la mkwewe, si mbele yake wala kisogoni, hata akiwa peke yake porini. Rosina alikuwa amekaa na Darmi mara nyingi, akamsikia akizunguka jina lile kama mtu anayezunguka shimo: "yule mkubwa", "mwenye boma", "baba wa watu". Sasa yeye, aliyekula na kunywa kwa watu hawa, alikuwa akimlazimisha mke wa watu alitamke simuni kwa sababu ya sharti la watu wa Nairobi.

Tena, alijiambia, mwizi angelitaja bila kusita. Anayeshindwa kulitaja ndiye wa nyumba hiyo hasa.

"Basi, usitaje, dada. Nimekuelewa," alisema. Alipangusa mkono kwenye leso, akabonyeza alipotakiwa kubonyeza, na namba mpya ikaingia.

"Mungu akuweke," sauti ilisema.

Rosina alirudi kwa kambale wake akiwa na moyo mwepesi.

*

Ujumbe ulifika chai ikiwa bado moto. Jasper aliusoma akishuka ngazi. *Malka ya Mkindu iko wazi leo. Wakulima tuwapishe ng'ombe. Kamati.*

"Mkindu?" alisema. "Si waliifunga kwa sababu ukingo ulimeguka mto ulipojaa?"

"Labda wamepachonga pengine pa kushukia."

"Mpigie Darmi umuulize."

"Simu yake imezama. Nimetoka kumwekea laini mpya sasa hivi, ndiyo iliyotuma."

Jasper alikubali, akaketi, akamega chapati. Simu ya nyumbani ikalia. Alikuwa baba yake Rosina, Mzee Nehemiah, ambaye shamba lake huko Minjila lilipakana na malka ile ile.

"Nimeuona ujumbe wenu," mzee alisema. Sikuzote aliuita ujumbe wenu, kana kwamba binti yake aliuandika kwa mkono. "Naenda kuondoa miiba niwapishe hao watu."

"Baba, waachie vijana kazi hiyo."

"Vijana gani? Mdogo wako Nicholas bado amelala, anaota yuko Ulaya. Mahindi nimeshavuna, niwazuie kwa kitu gani? Ng'ombe akifa kwa kiu dhambi haiulizi ni wa Mwislamu au wa Mkristo."

"Sawa, baba. Vaa kofia."

"Nitavaa. Msalimie huyo mkwe wangu wa juu ya paa."

Alikata simu kabla hajaagwa, kama kawaida yake. Rosina alipoitazama simu ya kazi, aliona kwamba mtu alikuwa amempigia mara nyingi alipokuwa akiongea na baba yake. Ilikuwa namba ya Darmi. Ile ya zamani, iliyosemekana kuwa majini.

Alibonyeza. Ilipokewa papo hapo.

"Rosina, nani ametuma ujumbe huu?" Ilikuwa sauti ya Darmi, nyembamba, ya haraka, sauti ambayo sasa Rosina alitambua kuwa hakuisikia hata kidogo asubuhi hiyo. "Mkindu ni tope tupu. Ng'ombe wataingia hawatatoka. Nataka kutuma ya kukanusha, mtambo unanikataa."

Beseni la kambale lilianguka. Rosina alimpigia baba yake. Iliita, ikaita. Akampigia tena. Simu ya Mzee Nehemiah ilikuwa ndani ya koti lake, na koti alikuwa amelitundika kwenye mti wa ua ili lisichanwe na miiba.

Yaliyotokea huko walisimuliwa baadaye na Nicholas, mdogo wake Rosina, ambaye aliamshwa na kelele. Mzee aliondoa miiba yote kwa mikono yake. Ng'ombe walikuja wamekonda, mbavu nje, wakiongozwa na mwanamke mmoja na mbwa wake. Mzee aliwasimamia kama anavyosimamia watu kanisani siku ya sadaka, huku tafadhali, huku tafadhali. Walipoinusa harufu ya maji hawakushikika tena. Wa mbele walizama tope hadi tumboni, wa nyuma wakasukuma. Ndama mmoja alibaki chini akilia, na mzee akateremka na kamba kumwokoa. Mwanamke alimpigia kelele arudi. Alikuwa ameshamfunga yule ndama shingoni, akivuta, ndipo ukingo uliobaki ukashuka na ng'ombe waliokuwa juu yake.

Walimtoa mzee. Walimweka nyuma ya pikipiki, kati ya Nicholas na dereva, kumkimbiza hospitali ya Garsen. Njiani Nicholas alihisi kichwa cha baba yake kikimlalia begani kwa uzito usio wa mtu aliyechoka.

*

Matanga yalijaa. Kina mama wa kanisa waliimba, sufuria zikaazimwa kijiji kizima, na Mama Josephine, mama yake Rosina, sasa mjane, aliketi mkekani amenyoosha miguu. Rosina alikaa karibu naye. Kila aliyeingia alimpa pole, na kila pole ilimchoma, kwa kuwa hakuna aliyejua ile simu ya asubuhi ila yeye na Jasper.

Nje vijana walikuwa wameanza maneno.

"Mzee ameitwa kwa meseji," mmoja alisema kwa sauti ya kusikika. "Meseji ya mtego. Hao watu walijua kule ni tope."

"Wajue na ng'ombe wao wafie humo?" mwenzake aliuliza.

"Wewe usinifanye mjinga. Tukimjua aliyetuma, huyo na boma lake watatueleza vizuri."

Siku iliyofuata wanawake wa Kiorma walikuja na maziwa. Walitembea wakiwa wamefuatana, shela zao zikipepea, Darmi akiwa mbele. Vijana waliwapisha bila salamu. Wanawake waliingia, wakamshika Mama Josephine mkono mmoja mmoja, wakisema pole kwa Kiswahili. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwembamba aliyebeba mtoto mgongoni. Rosina alimjua kwa mbali. Aliitwa Abdia, mke wa Nuh, yule mshirika wao. Hakuonekana mjini sana, kwa kuwa aliishi na mifugo wakati Nuh akihangaika na mitambo. Tangu mazishi yapangwe Nuh alikuwa akija kila siku kubeba viti na kuchota maji kama mtoto wa nyumba hiyo.

"Mama," Abdia alimwambia mjane, chini, baada ya kimya. "Mungu akuweke."

Rosina aligeuka kumtazama. Sauti ile. Kile kimya kabla ya sauti.

Alimfuata hadi nyuma ya jiko, mahali pa kuoshea vyombo. Abdia alikuwa amesimama akimngoja, kama mtu aliyekwisha kukubali.

"Ni wewe," Rosina alisema.

"Ni mimi."

"Uliniambia wewe ni Darmi."

"Wewe ndiye uliyeniuliza kama ni Darmi. Mimi nikasema eeh." Alimweka sawa mtoto mgongoni. "Ng'ombe walikuwa wanaanguka, Rosina. Malka ya pili ni mbali, hawangefika. Nilisikia Mkindu imefungwa, nikafikiri ni kwa sababu ya mahindi, na mahindi yameshavunwa, niliyaona kwa macho yangu. Hakuna aliyeniambia ukingo umemeguka. Sisi wa porini tunaambiwa njia imefungwa tu. Hatuambiwi kwa nini."

"Na jina? Kwa jina pia ulinidanganya?"

Abdia alimtazama kwa mshangao, kama ameulizwa kitu cha ajabu. "Jina lile siwezi kulitaja. Yule ni baba wa mume wangu pia. Hapo sikudanganya."

Hilo Rosina hakulifikiria. Haji Roba alikuwa na wana wawili, mume wa Darmi na Nuh, hivyo alikuwa na wakazamwana wawili, na kimya kilikuwa cha kweli. Yeye alikisikia sawasawa. Ila alikipa mtu mwingine.

"Baba yako aliniambia, pita mwanangu, ng'ombe kwanza, salamu tutapeana jioni," Abdia alisema. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Nataka kusema. Nitaingia pale mkekani nimwambie mama."

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa makuti ilisikika sauti ya yule kijana, bado anaongea, na wengine wakimwitikia. Mtoto mgongoni kwa Abdia alichezea ushungi wake.

"Usiseme," Rosina alimwambia. "Ukisema leo, kesho tutazika wengine. Rudi nyumbani. Usimwambie mtu."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshafungua mdomo mara moja, nikakupa jina la Darmi. Inatosha."

*

Baada ya mazishi alikuja mtu wa Nairobi, aitwaye Barnabas, msimamizi wa washirika wa kampuni. Alifika kwa gari lililokuwa na picha ya ngao ubavuni. Alikataa chai kwa adabu, akasema tumbo lake si la safari, akafungua kompyuta mezani, akataka wote watatu wawepo: Jasper, Nuh na Rosina.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Sasa. Simu zote za wateja hurekodiwa, hilo mnalijua. Tutaisikiliza pamoja."

Rosina hakulifikiria hata hilo. Akamtazama Nuh, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa ili asikie vizuri, mtu mwenye nia njema ya kusaidia.

Mteja wetu mpendwa, ilisema kompyuta. Kisha upepo, ng'ombe, salamu. Rosina alimwona Nuh akiinua kichwa polepole. Mkono wake uliokuwa ukigongagonga meza uliacha kugonga. Sauti ya mkewe ilijaa chumba kizima, ikasema simu imezama, ikasema eeh, ikafika mahali pa jina na kunyamaza. Halafu Rosina mwenyewe: *Basi, usitaje, dada. Nimekuelewa.*

Barnabas alisimamisha. "Ulimwelewa nini?"

Rosina alikunja pembe ya leso yake.

"Mafunzoni tuliwaambia kwamba huruma si kitambulisho. Ulikuwepo? Sahihi yako ipo."

"Nilikuwepo."

"Basi nisikilizeni." Alilegeza sauti, na ilionekana kweli anataka kuwasaidia. "Tukimpata huyu mwanamke, hii ni kesi ya ulaghai kutoka nje. Tutampeleka polisi, na ninyi mtabaki washirika, mtapewa onyo tu. Tusipompata, kosa ni la mshirika, mkataba unakwisha leo, na vifaa vyetu naondoka navyo. Garsen si kubwa. Kuna anayeitambua sauti hii?"

Jasper aligeuka. "Rosina? Wewe unazijua sauti za watu wote."

Nuh alikuwa amefungua mdomo. Rosina akajua kwamba ataitoa nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, kwa kuwa aliyekufa alimwita mwanangu.

"Hatuijui," Rosina alisema, kabla yake. "Mimi siijui, na Nuh hawezi kuijua. Siku hiyo hakuwepo hapa."

Nuh alimtazama. Katika macho yale Rosina aliona kwamba ameelewa yote, na kwamba hatamsamehe kamwe kwa wema huo.

"Shemeji," alianza kusema.

"Hatuijui, shemeji," Rosina alirudia.

Barnabas alifunga kompyuta. Alifanya kazi yake bila ukali, na hilo ndilo lililouma. Alimwomba Rosina amrudishie visikizi vya masikioni vya kupokelea simu. Aliomba fulana zenye picha ya ngao, na kwa kuwa moja ilikuwa kwenye kamba ikikauka, Rosina alienda kuianua, akaikunja, akamkabidhi ikiwa na unyevu. Jasper alipanda paani mwenyewe kukishusha kile kisanduku cha ulinzi. Majirani walitoka kutazama. "Wamehama?" mmoja aliuliza. "Wamefungiwa," mwingine alimjibu.

Nuh aliondoka kabla gari halijawashwa. Hakuaga. Jioni alituma funguo zake za ofisi kwa bodaboda.

"Nimemkosea nini Nuh?" Jasper alimuuliza mkewe, funguo zikiwa kiganjani. "Miaka yote hii. Hata kuniaga? Au anadhani tutamlaumu kwa kuwa yeye ni Muorma?"

"Sijui," Rosina alisema. Lilikuwa neno fupi, na tangu siku hiyo lilikaa naye mezani na kitandani, kati yake na mumewe.

*

Kamati ya malka ilirudi kwa mtindo wa zamani wa kutuma watu kwa miguu. Vijana hawakupata jina, na hasira isiyo na jina ikachoka, wakarudi kwenye pikipiki zao. Rosina alikwenda Minjila kumsaidia mama yake kupepeta mahindi ya mwisho aliyovuna baba.

Walipepeta mpaka jua likapanda. Vumbi la makapi liliwaka juani.

"Jasper alikuja," Mama Josephine alisema. "Alinieleza habari ya simu. Alifikiri ninajua."

Rosina aliweka ungo chini. "Mama."

"Alisema mtu wa Nairobi aliwaulizeni sauti ni ya nani, ukasema huijui." Mama aliendelea kurusha mahindi, akiyapokea kwa ustadi, hata punje moja isianguke. "Mimi ndiye niliyekuzaa. Unaijua?"

"Naijua."

"Alikusudia?"

"Hapana, mama. Hakujua kuhusu ukingo. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa."

"Ana watoto?"

"Anao. Mmoja bado ananyonya."

Mama Josephine aliutua ungo. Alitazama upande wa malka, ambako miiba ilikuwa imerudishwa, na mtu mwingine ndiye aliyeirudisha.

"Basi usiniambie jina lake," alisema. "Hao wanawake wanapita hapa kila siku. Wananiletea maziwa. Nikimjua, nitamchukia, na kumchukia mtu anayekupitia mlangoni kila siku ni kazi kubwa, mimi sina tena nguvu hizo. Nisipomjua, wote ni majirani zangu."

Rosina alitambaa hadi miguuni pa mama yake, akaweka kichwa pajani pake kama alivyofanya alipokuwa mdogo. Mkono wa mama ulikuja juu ya nywele zake, ukatulia hapo, mzito, una vumbi la mahindi. Kisha ukaondoka.

"Na wewe, mwanangu," Mama Josephine alisema taratibu, bila hasira yoyote, "usije tena mpaka nikuite. Yeye simjui. Wewe nakujua."